Jicho Refu

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Mbita na kutazama upande wa Rusinga, utadhani kuna mji juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa omena. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za sola na betri, na dagaa hao wadogo huifuata nuru mpaka wakajikuta wavuni. Mwezi ukipevuka kazi hulala, kwa kuwa nuru imetapakaa kila mahali na samaki hawana taa moja ya kuikimbilia.

Nimekua nikizitazama taa hizo. Kwangu zilikuwa madoa makubwa ya manjano yaliyolaliana kama sahani zilizoanikwa kwenye uchanja, na sikuwahi kushuku kwamba kuna mtu anayeziona vingine. Nilipofika kidato cha pili nikapata miwani yangu ya kwanza, hasi 6 na nusu. Likizo ilipoanza nilishuka ufukweni usiku pamoja na mjomba wangu, naye ni mvuvi. Nikasimama kimya muda mrefu. Taa zilikuwa nukta. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, na kati ya nukta na nukta kulikuwa na giza safi.

"Mjomba," nikamwambia, "kumbe zinahesabika."

"Kwani siku zote wewe ulikuwa unaona nini?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu, na hata leo swali lake ni gumu. Wiki ya kwanza ya miwani ile ilinitesa. Sakafu ilionekana kuinama, ngazi zilikuwa mbali kuliko mguu ulivyotarajia, na kila jioni kichwa kiliuma. Halafu asubuhi moja mambo yakatulia. Lenzi zilikuwa zilezile na macho yalikuwa yaleyale. Kilichokuwa kimejifunza kilikuwa ndani ya fuvu.

Kwetu watu hulizungumzia jicho na huzungumzia kichwa, ila hivyo viwili hatuviweki kwenye sentensi moja. Mtoto asiyeona ubao huitwa mzito wa kichwa. Nami niliitwa hivyo mbele ya darasa zima, na mwalimu nisiyemtaja. Mtoto asiyemwamkia mzee aliye ng'ambo ya barabara huambiwa ana madharau, kumbe hakumtambua. Kosa la jicho tunalibandika kichwani, au tunalibandika kwenye tabia, na mtoto hukua akiamini tulivyosema.

Sasa kuna habari inayohusu vyote viwili. Ubongo wa mtu mwenye miopia kali, yaani asiyeona mbali kwa kiwango kikubwa, hata akiwa amejilaza kimya ndani ya mashine bila kazi yoyote, haufanyi kazi sawasawa na ubongo wa mtu mwenye macho ya kawaida. Nimeisoma habari hiyo kwa furaha ya mtu anayesimuliwa mambo yake mwenyewe. Pia nimeiogopa, kwa sababu naona jinsi inavyoweza kuturudisha kwenye lile tusi la kichwa kizito, safari hii likiwa limevaa koti jeupe. Kwa hiyo tuipitie polepole.

Tuanzie kwenye jicho. Mtoto huzaliwa na jicho lenye urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. Hukua likafika milimita 23 au 24, na mambo yakienda vizuri husimama pale hasa ambapo picha inatua juu ya retina, ule utando mwembamba uliotandazwa kwenye ukuta wa nyuma. Kwa mwenye miopia jicho halikusimama. Liliendelea kurefuka, na picha ya kitu kilicho mbali ikawa inatua mbele ya retina, ikifika ukutani imekwisha kutawanyika. Johannes Kepler alikuwa ameshaeleza mwaka 1604 kwa nini lenzi iliyobonyea humsaidia mtu wa namna hii: huisogeza picha nyuma mpaka ikagusa retina.

Kila milimita ya ziada huongeza kama dayopta 2 na nusu hadi 3. Dayopta ndiyo ile namba iliyoandikwa kwenye karatasi yako ya miwani. Wataalamu wengi huiita miopia kali inapofika hasi 6, na hapo jicho kwa kawaida limepita milimita 26. Mwenye hasi 6, akivua miwani, mwisho wa kuona kwake sawasawa ni sentimita 17 hivi, pungufu ya shubiri. Ndani ya mpaka huo kitabu kinasomeka vizuri kabisa. Uso wa mama aliyeketi upande wa pili wa meza hausomeki.

Urefu huo una gharama zaidi ya miwani. Ukuta wa jicho unavutwa, retina inakonda, na ikikonda sana inaweza kuchanika au kubanduka. Waswahili husema macho hayana pazia, lakini mgonjwa ambaye retina yake inabanduka mara nyingi hutaja pazia hilohilo: kivuli kinachoshuka upande mmoja, baada ya vimulimuli na vidoa vyeusi vingi vya ghafla. Anayeyaona hayo asilale nyumbani hata usiku mmoja. Ni dharura, na saa zinahesabika.

Kutoka kwenye retina habari husafiri kwa neva ya jicho, kamba moja yenye nyuzi zipatazo milioni moja. Karibu nusu ya nyuzi hizo huvuka kwenda upande wa pili wa kichwa, hupitia kituo kilicho katikati ya ubongo kinachoitwa thalamasi, kisha habari hufika mwisho wa safari nyuma kabisa, kisogoni. Tumezoea kusema kisogo hakina macho. Kumbe ndiko tunakoonea. Daktari Mjapani, Tatsuji Inouye, alilijua hilo kwa njia ya huzuni. Aliwapima askari waliopigwa risasi za kichwa katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, akafuatilia mahali risasi ilipoingia na ilipotokea, na mwaka 1909 akachapisha ramani inayoonyesha ni kipande kipi cha kisogo kinashughulikia upande upi wa yale tunayoyaona. Macho ya askari wale yalikuwa mazima. Na katika ramani hiyo eneo kubwa ajabu limetengewa kitovu cha uoni, yaani sehemu ile ndogo unayoitumia sasa hivi kusoma neno hili.

Miaka 80 na ushei baadaye ikapatikana njia mpya ya kuuona ubongo mzima ukifanya kazi bila jeraha. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa hujibu sumaku kwa namna tofauti, kwa hiyo mashine ya MRI inaweza kuona ni wapi ubongo unachangamka. Miaka mitano baadaye Bharat Biswal akatambua jambo ambalo wengine walilidhania kelele za mashine. Mtu akilala tu bila kufanya lolote, sehemu za ubongo wake hazilali. Hupanda na kushuka polepole, na zile zinazoshirikiana kazi hupanda na kushuka pamoja. Mwaka 2007 watafiti wa Beijing wakiongozwa na Zang Yufeng wakatunga njia ya kupima ukubwa wa mawimbi hayo. Ni mawimbi ya taratibu mno: moja huchukua kati ya sekunde 12 na 100. Hesabu pumzi zako nne ukiwa umetulia, na sehemu fulani ya ubongo wako itakuwa imemaliza wimbi moja.

Njia hiyo ndiyo iliyotumika Nanchang, kusini mwa China, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Watu 38 wenye miopia kali na wengine 38 wasio nayo, wanaolingana kwa umri na jinsia, waliingizwa mashineni wakaambiwa watulie. Kwa wenye miopia kali mawimbi yalikuwa madogo zaidi katika sehemu za pembeni za ubongo, usawa wa masikio, zinazosaidia kutambua vitu, na katika baadhi ya sehemu za mbele. Yalikuwa makubwa zaidi katika sehemu za ndani katikati na za juu kuelekea nyuma, ambazo zinahusishwa na umakini na kujua vitu vilipo. Tafiti nyingine za China za kipindi hicho zilipima mashirikiano kati ya sehemu na sehemu, nazo zikakuta baadhi yake yamelegea.

Kilichonishika ni kwamba tofauti hazikubaki kisogoni. Kwa akili ya kawaida ungetarajia pale tu picha inapopokelewa ndipo kuwe na mabadiliko. Lakini nenda Thimlich Ohinga, kule Migori, ukaziangalie kuta zile za mawe zenye umri wa karne tano hivi, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2018 kuwa urithi wa dunia. Hazina udongo wala saruji ya kushikilia. Kila jiwe limelalia wenzake, na waliozijenga walijua kwamba ukubwa wa jiwe hili unaamua nafasi ya lile. Ubongo nao umejengwa hivyo. Picha inayofika kisogoni ikiwa na ukungu miaka nenda miaka rudi haisumbui kisogo peke yake. Sehemu inayotambua nyuso hupokea kazi nusu, sehemu inayokadiria umbali hubahatisha, na sehemu inayoelekeza umakini hulazimika kufanya kazi ya ziada. Hayo ni maelezo yangu ya kile ambacho watafiti wenyewe hukipendekeza kwa tahadhari, na nadhani yana mantiki. Mtoto asiyemwona mtu usoni hujifunza kumtambua kwa mwendo, kwa sauti, kwa rangi ya koti. Mimi nilimjua kila mwalimu wetu kwa namna alivyozungusha mikono akitembea. Kazi hiyo hufanywa mahali fulani kichwani.

Niliyaeleza mambo haya siku moja kwenye kikao cha wazazi Awendo. Nilipomaliza, mzee mmoja mkulima wa miwa akasimama, kofia mkononi.

"Mwalimu," alisema, "wangu yuko kidato cha kwanza na miwani yake ni nene kama chini ya chupa. Unaniambia ubongo wake umeharibika?"

"Hapana, mzee wangu," nikamjibu. "Nakuambia ubongo wake umejipanga kufuatana na alichopewa."

Akaketi, lakini niliona hakuridhika, na alikuwa na haki. Jibu langu lilikuwa fupi mno, kwa hiyo naliendeleza hapa.

Kwanza, watu 76 ni wachache, na tofauti zilizopatikana ni za wastani wa kundi. Hakuna daktari awezaye kuchukua picha ya ubongo wangu mimi, akaitazama, akasema huyu ana miopia. Pili, ni picha ya siku moja, nayo haisemi mwaka jana palikuwaje. Tatu, tofauti ya wimbi haina maana ya upungufu wa akili. Wanamuziki wana ubongo uliopangika tofauti na wa wasio wanamuziki, na hakuna anayewaonea huruma. Kisha kuna swali ambalo mzee wa Awendo alikuwa analiuliza chini ya swali lake: kipi kilitangulia? Je, mtoto huzaliwa na ubongo wenye kasoro unaoharibu jicho?

Vifaranga wa kuku wamelijibu kwa sehemu kubwa. Mwaka 1987 David Troilo na Josh Wallman, wakiwa New York, pamoja na mwenzao mmoja, walichapisha jaribio ambamo waliwafunika vifaranga jicho kwa kifuniko kinachotia ukungu. Jicho lilirefuka, likapata miopia. Hilo lilikuwa limeshajulikana. Jipya lilikuwa hili: waliikata neva ya jicho, ubongo usipate habari yoyote kutoka kule, kisha wakarudia. Jicho likarefuka vilevile. Maana yake ni kwamba jicho lina kipimo chake lenyewe, na huamua kukua au kusimama bila kungoja amri ya ubongo. Kuku si mtu, na kwa binadamu mambo huenda yakawa na matawi zaidi. Hata hivyo mshale unaelekea upande mmoja waziwazi. Jicho hurefuka kwanza, na ubongo hufuata.

Nataka kukaa kidogo kwa mtu mmoja ambaye jina lake hujitokeza pande zote mbili za hadithi hii. Torsten Wiesel, Mswidi aliyefanya kazi Marekani, pamoja na David Hubel, waliwafumba paka wachanga jicho moja katika miaka ya 1960. Walipolifungua miezi michache baadaye jicho lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeacha kulisikiliza. Nafasi yake kisogoni ilikuwa imechukuliwa na jicho la pili. Jicho la paka aliyekwisha kukua likifumbwa kwa muda uleule, hakuna kinachopotea. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Lakini katikati, mwaka 1977, Wiesel na Elio Raviola walichapisha jambo jingine. Nyani wachanga waliofumbwa kope walipata jicho refu, lenye miopia. Majaribio haya ni magumu kuyasoma kwa mtu anayependa wanyama. Ila tazama yanachosema yakiwekwa pamoja: kope moja iliyofumbwa utotoni huzaa mambo mawili kwa mpigo, jicho lisilojua pa kusimama na ubongo unaolisahau.

Kwa mtoto wa Rangwe au wa Kehancha, jambo hilo hutokea bila mtu kumfumba. Tuseme jicho lake la kulia ni la kawaida na la kushoto ni hasi 8. Nyumbani hakuna atakayegundua, maana anakimbia, anacheza mpira, anasoma. Ubongo wake umechagua jicho la kulia na kuliacha la kushoto lizubae. Hilo ndilo jicho vivu, na uvivu wenyewe uko kisogoni. Likigunduliwa mapema, miwani na kulifunika lile jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku huulazimisha ubongo kulisikiliza tena lililosahauliwa. Kabla ya miaka 7 matokeo huwa mazuri zaidi. Baada ya hapo mlango haufungwi ghafla, lakini kila mwaka unasukumika kwa shida zaidi. Mimi nilinusurika kwa sababu macho yangu yote mawili yalikuwa mabaya kwa kiasi sawa, na kila kilichokuwa ndani ya shubiri kilifika kisogoni kikiwa safi. Nilikuwa mtoto wa vitabu kwa kuwa kitabu ndicho kitu pekee kilichonionyesha sura yake.

Kwetu kando ya ziwa kuna ushahidi mwingine wa uzi huu unaounganisha jicho na kisogo, nao unatoka upande wa pili. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Kenya, tarehe 13 Septemba 2019, ilizinduliwa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, kwa kuwa ukanda huu ni miongoni mwa sehemu zinazoumizwa zaidi na ugonjwa huo. Malaria inayopanda kichwani humwacha mtoto mwingine amezinduka lakini haoni. Mboni zake zinajibu taa na jicho ni zima, ila kisogo kimezimika. Kwa wengi uoni hurudi, polepole, na mama huona mtoto akianza kufuata tena kijiko kwa macho. Yule ana jicho zima na ubongo uliojeruhiwa. Mwenye miopia kali ana ubongo mzima unaopokea habari kutoka kwa jicho refu. Ukiwaweka pamoja chini ya mwembe na kuwauliza mlimani kuna nini, wote watanyamaza, na mpita njia atawaona wamefanana.

Nirudi kwenye kurefuka, maana hapo ndipo tuna nguvu ya kufanya jambo. Afrika bado ina miopia kidogo kwa watoto. Mapitio ya tafiti za bara zima yaliyochapishwa mwaka 2022 yaliweka kiwango kwa watoto wa shule kwenye asilimia 4.7. Jijini Seoul, vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa mwaka 2010 kwa ajili ya jeshi walikuwa na miopia kwa asilimia 96.5. Brien Holden na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba ifikapo mwaka 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa nayo, na karibu mmoja katika kumi atakuwa nayo kali.

Damu peke yake haielezi tofauti hiyo. Mwaka 2008 Kathryn Rose alilinganisha watoto wa asili ya Kichina wanaoishi Sydney na wa Singapore, wenye miaka 6 na 7. Wa Singapore walikuwa na miopia asilimia 29.1, wa Sydney 3.3. Wa Sydney walikuwa nje kwa saa karibu 14 kwa wiki, wa Singapore saa 3. Huko Guangzhou, shule zilizoongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku kwa miaka mitatu zilipata watoto wapya wenye miopia asilimia 30.4, na zisizoongeza 39.5. Maelezo yanayokubalika zaidi ni nuru yenyewe. Mwanga mkali huifanya retina kutoa kemikali iitwayo dopamini, na dopamini hulipa jicho ishara ya kusimama. Saa sita mchana, Homa Bay, nusu digrii tu kusini mwa ikweta, nuru ya uwanjani inaweza kufika lux 100,000. Ndani ya darasa lenye madirisha madogo huwa ni mia chache.

Kwa hiyo tumekuwa tukilindwa na jua bila kulishukuru: njia ndefu ya kwenda shule, kuchunga ng'ombe, kuteka maji, mpira wa makaratasi hadi giza. Sasa angalia ratiba ya shule ya bweni ya leo kati ya Rongo na Mbita. Prepu ya alfajiri kabla jua halijachomoza, darasa mchana kutwa, prepu ya usiku, na likizo ni simu mkononi. Kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuibwa mtihani ukikaribia. Naliona hilo kuwa kosa, na nasema hivyo nikijua walimu wanavyobanwa na matokeo. Saa moja ya uwanjani ni sehemu ya elimu ya jicho linalokua.

Miwani nayo. Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilihili, wanafunzi 2,511 wa sekondari walipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Asilimia 5.6 walikuwa na miopia. Miongoni mwa wote waliohitaji miwani, waliokuwa nayo hawakufika theluthi moja. Utafiti mwingine, wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapa wanafunzi wengine miwani bure na wengine karatasi tu ya kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliopewa miwani asilimia 47 waliitumia, na waliopewa karatasi asilimia 26. Namba ya pili inaeleza umaskini. Ya kwanza inaeleza aibu, na ile imani kwamba miwani huharibu macho. Imani hiyo ilijaribiwa Malaysia, katika utafiti wa mwaka 2002 ambapo watoto wengine walipewa miwani pungufu kwa makusudi, kwa matumaini kwamba jicho litapumzika. Miopia yao ilikwenda mbio zaidi kuliko ya waliopewa miwani kamili.

Kenya imeshaonyesha njia. Kaunti ya Trans Nzoia, daktari wa macho Hillary Rono na wenzake waligawa shule 50 katika makundi mawili. Kundi moja walimu walipima watoto kwa simu yenye programu ya Peek, na mzazi wa mtoto mwenye tatizo akatumiwa ujumbe. Kundi la pili walitumia karatasi kama kawaida. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, asilimia 54 ya watoto wa kundi la kwanza walioelekezwa hospitali walifika kweli, na wa kundi la pili asilimia 22. Waliopima hawakuwa madaktari. Walikuwa walimu, kama wale walio Suna na Kendu Bay. Na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinafundisha wapimaji wa macho, si mbali na kwetu.

Mzee wangu wa Awendo, kama maandishi haya yatakufikia, jibu langu kamili ni hili. Mwanao hana ubongo mbovu. Ana jicho refu, na ubongo ambao umefanya kazi ya ziada kwa miaka mingi ili ulifiche jambo hilo, hata wewe usilione. Hakikisha miwani ni ya namba aliyopimwa mwaka huu, apimwe tena mwakani, na daktari amtazame nyuma ya jicho kwa dawa ya kupanua mboni. Wadogo zake nao wapimwe, kila jicho peke yake, kabla ya kuanza darasa la kwanza.

Nawe mwalimu, kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito, msimamishe mita 6 kutoka ukutani, mfunike jicho moja, muulize anaona nini. Kisha mfunike la pili.